Bakuli la Anti Lovey

Bakuli lilirudi tupu.

Anti Lovey aliliona asubuhi, alipofungua mlango wa wavu kwenda kuwatupia kuku chakula. Lilikuwa kwenye ngazi ya juu, limefunikwa vizuri, limesuguliwa mpaka linang'aa. Aliinua kifuniko akachungulia, kisha akakirudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenzake ndani.

Lilikuwa bakuli la plastiki la rangi ya haradali, na chini yake pamebandikwa utepe ulioandikwa LOVEY kwa wino mnene. Lilishazunguka kwenye misiba, ubatizo na sherehe za watoto wa wilaya nzima ya Puna, na kila lilikokwenda lilirudi na kitu ndani: mayai, maparachichi, pasheni, siku moja hata pweza mzima. Mtu aliyelelewa kisiwani pale harudishi chombo cha watu kikiwa kitupu. Ukikirudisha kitupu umeshasema: asanteni, tusijuane tena.

"Momi!" Anti Lovey aliita. "Njoo uone mpenzi wako alivyoaga."

Momi alitoka jikoni na chupa yake ya kahawa. Alikuwa amevaa nguo za kazini, nywele amezifunga juu, macho yamevimba kidogo kwa kukosa usingizi. Alilitazama bakuli, akamtazama mama yake, akalitazama bakuli tena.

"Labda amelileta tu, Mama. Labda alikuwa na haraka."

"Haraka gani? Mpera uko hapo barabarani. Angechuma hata pera moja lenye funza, ningeshukuru."

"Mama..."

"Mimi sisemi kitu." Anti Lovey akisema hivyo, ujue anakaribia kusema vyote. "Vegas ilinichukulia kaka zako wawili. Walisema wanakwenda mwaka mmoja tu, watafute maisha, warudi. Leo wajukuu wangu nawaona kwenye simu, wananipungia mkono kama abiria. Sasa huyu naye wa Vegas. Akiondoka bila wewe, atauvunja moyo wako. Akiondoka na wewe, atauvunja wangu. Ndiyo maana sisemi kitu."

Akawatupia kuku chakula kwa hasira, na bakuli akaliacha pale pale kwenye ngazi.

Kamuela Pahia alizaliwa mji wa Hilo kule kisiwani, lakini alibebwa kwenda Las Vegas kabla hajaota jino, wazazi wake walipofuata kazi za hotelini kule jangwani kama walivyofanya nusu ya majirani zao. Huko ndiko alikokulia, akawa fundi wa viyoyozi. Bibi yake, Tutu Hattie, alipofariki alimwachia shamba la Puna, lile lenye mawe meusi mengi kuliko udongo, na Kamuela akaomba likizo aje aipime kaunti kabla hajaamua. Aliuze shamba abaki mjini? Au ahamie moja kwa moja, alime, afuge kuku, anywe mvua na kuwasha taa kwa jua? Na kwa kuwa kaunti yenyewe ni kisiwa kizima, alihitaji mtu wa kumzungusha. Anko Tiny, kaka yake Anti Lovey na mwenye boza, lori la kujazia watu matangi ya maji, akasema hakuna anayezijua njia kumshinda dereva wake, Momi.

Basi Momi akamzungusha. Walikwenda wilaya ya Kona kwenye jua zuri, wakakuta kila kipande kizuri kina geti. Walikwenda Ka'u, upepo ukawapora kofia zote mbili. Walikwenda Hamakua kwenye udongo mwekundu uliowanasa buti, na Kamuela akaanguka chali, Momi akacheka mpaka akaanguka yeye. Na kila jioni walirudi Puna, kwenye mvua na vyura. Mapenzi yaliwaingia humo njiani, wala hakuna aliyejua ni maili ya ngapi. Momi alijua tu kwamba siku moja alijikuta anapaka mafuta ya midomo ili kwenda kumwonyesha mwanaume choo cha shimo cha mtu.

Kilichomtia hofu ni kwamba alishaahidiwa kabla ya hapo. Kulikuwa na yule wa Oregon, mrefu, mwenye maneno mazuri kuhusu mbuzi na paneli za sola. Alikuwa na maneno ya kutosha kujaza tangi. Msimu wa mvua ulipofika, shuka zikaota ukungu na vyura wakashika zamu zao, akaondoka na kumwachia Momi mbuzi mmoja mtukutu.

Ndipo jana jioni, Kamuela akiwa mezani kwao, Anti Lovey akauliza bila kupinda kona, huku anampakulia wali: "Kwa hiyo, kijana. Unakaa au unaondoka?"

"Naondoka kesho jioni, Anti."

Kijiko cha wali kilisimama hewani. Kamuela alifungua mdomo kuongeza neno, lakini Anko Tiny, ambaye kwa unene wake viti vya nyumba ile vilimfahamu na kumwogopa, alishikwa na kikohozi kikubwa cha ghafla. Kilipoisha, Anti Lovey alikuwa ameshaanza kukusanya sahani. Momi hakumsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Alisimama nyuma ya pazia akasikiliza mlio wa injini ukienda, na akajisemea kwamba hatalia. Akalia.

Na sasa bakuli walilompelekea na chakula limerudi tupu.

"Kelele gani hizi asubuhi?" Anko Tiny alitokea nyuma ya nyumba, alikokuwa akiishi kwenye banda tangu mwaka ule volkano ilipopasua ardhi na moto ukala nyumba yake, friji na bia zikiwa ndani. Alikuwa anatafuna mkate. Aliona bakuli, akaona nyuso za wanawake wawili, akaacha kutafuna. "Lo," alisema kwa sauti ndogo.

"Lo nini?" Anti Lovey alimkata jicho.

"Hakuna. Momi, kuna mteja wa haraka. Tangi jipya, anataka maji sasa hivi. Mtaa wa mwisho, ukivuka ule mti ulioanguka."

"Anko, mtaa wa mwisho hakuna nyumba. Kule kuna shamba la Tutu Hattie tu. Umekosea."

"Nimewahi kukosea anwani mimi?"

"Kila wiki."

"Basi leo sijakosea. Nenda, mwanangu, na unawe uso."

* * *

Momi alijaza boza, akapanda, akaondoka kwa gia ya chini. Njia nzima alikuwa anajipanga. Kama Kamuela yuko kule, basi anapiga picha za shamba apate kuliuza. Atamwambia safari njema. Atasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya dereva wa maji. Alifanya mazoezi mara kadhaa, na kila mara sauti ilitoka ya mwanamke anayetaka kumrushia mtu kiatu.

Alipoingia kwenye kile kibarabara cha mawe, alikanyaga breki bila kukusudia.

Banda la zamani la Tutu Hattie lilikuwa na mifereji mipya kuzunguka paa zima. Mifereji iliteremka kwenye bomba jeupe, na bomba likaingia kwenye tangi la bati, kubwa, la duara, lile lililokuwa limeozea magugu siku zote alizowahi kupita pale. Sasa lilikuwa limekwanguliwa kutu, likavishwa turubai jipya jeusi ndani, likasimama wima kwenye kitanda cha changarawe. Na pembeni yake alisimama Kamuela, kandambili miguuni, fulana imemganda mwilini, anatabasamu kama mtoto aliyejifunga kamba za viatu kwa mara ya kwanza.

Momi alizima injini. Hakushuka.

"Nani amekujengea hilo?"

"Mimi. Na Anko Tiny. Kila asubuhi ulipokuwa kazini."

"Anko aliniambia anakwenda kwenye mazoezi ya goti."

"Hata goti limefanya mazoezi."

"Kamuela." Sauti ya dereva wa maji ilikataa kabisa kutoka. "Mtu anayeuza shamba hatengenezi tangi."

"Hatengenezi."

"Na jana ulisema unaondoka."

"Naondoka leo jioni. Nakwenda kuacha kazi, kuchukua vifaa vyangu, na kukaa na mama yangu nimweleze ana kwa ana, maana nikimpigia simu atanikatia. Halafu narudi. Ndivyo nilivyotaka kusema jana, Anko akakohoa."

"Kwa nini akohoe?"

Kamuela alikuna kichwa. "Aliniambia hivi: 'Wewe kijana, Momi usimwambie kwa maneno. Waliomwambia kwa maneno wameshapita. Mwonyeshe maji.' Kwa hiyo nikaagiza maji."

Kuna furaha inayokuja mpaka mtu anaogopa kuishika. Momi alishuka kwenye boza, akavuta mpira wa maji, akauingiza tangini, akawasha pampu, yote hayo bila kumtazama, maana alijua akimtazama tu kazi imeharibika. Maji yakaanza kunguruma ndani ya bati. Ndipo alipogeuka, mikono kiunoni, kama ndiye mama yake mwenyewe.

"Viatu vyako vitaota ukungu."

"Nitatembea peku."

"Sisimizi wale wadogo wa moto watakuingia shingoni."

"Wameshaingia. Ona." Akainamisha kichwa, na Momi akalazimika kusogea aone, na palikuwa na vipele kweli, na harufu ya jasho na sabuni, na akasahau swali lililofuata. Akalikumbuka.

"Vyura. Usiku kucha, mwaka mzima."

"Mama yangu anakoroma kuliko wao."

"Utafanya kazi gani? Huku hakuna kiyoyozi. Tukisikia joto tunafungua dirisha."

"Friji, Momi. Betri za sola. Kila nyumba uliyonipitisha ina friji linalolia kama mgonjwa. Wateja watatu wameshaniomba namba, mmoja amenilipa kwa bata."

"Bata yuko wapi?"

"Amekimbia."

Momi aliuma mdomo asicheke. Hakuwa amemaliza, na lililobaki lilikuwa zito.

"Na moto ukitoka ardhini tena? Hii si hadithi. Nimesimama barabarani nikaona nyumba ya Anko inakwenda. Hakuna bima itakayokutazama usoni hapa."

Kamuela naye aliacha kutania. Aliangalia mawe meusi chini ya kandambili zake, yale mawe ambayo zamani yalikuwa mto wa moto na sasa yameota majani kwenye nyufa.

"Hilo nimeliwaza kuliko yote. Ukija, utakuja. Nitachukua wanaochukulika, tutaondoka, tutaanza mahali pengine hapa hapa kisiwani, kama Anko. Yeye alipoteza nyumba na bado anacheka kuliko mtu yeyote niliyemwacha mjini."

"Anko analala kwenye banda la mama."

"Banda zuri lile."

Hapo Momi akacheka, ila machozi nayo yalikuwa yamefika. Akayafuta kwa kiganja chenye grisi.

"Nisikilize. Sitaki ukae kwa ajili yangu. Ukikaa kwa ajili yangu, mvua ya mwezi wa pili itakufanya unichukie. Nimeshaonja hiyo. Kama ni mimi tu uliyenipima, panda ndege, nitakupungia mkono."

Kamuela aliinua macho kwenye paa la banda.

"Siku ya kwanza uliponileta hapa, nilipanda juu ya paa kuangalia kutu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Karibu uanguke."

"Mvua ikaja. Mimi nimekulia mahali ambapo maji yanatoka mbali kwa mabomba, watu wanayagombania mahakamani. Hapa yaliniangukia kichwani tu, bure, kwenye paa la bibi yangu. Nilikaa pale juu nikacheka peke yangu. Shamba nililipima siku ile, Momi, na nilikuwa hata sijajua kama una mtu au huna. Usingekuwepo ningekaa vilevile. Ningekunywa mvua yangu, ningekula magimbi yangu, ningezeeka. Ila kila jioni ningejiuliza mbona kuna kitu kimepungua, wala nisijue ni nini."

Momi alimpenda wakati ule kwa upendo ambao hakuwa na pa kuuweka. Alimshika fulana kifuani akamvuta, akambusu, na hakumwachia upesi. Wala hawakusikia wingu likifika. Mvua ya Puna haibishi hodi. Ilishuka kama ilivyozoea, ikapiga bati la banda, ikajaa kwenye mifereji mipya, ikakimbia kwenye bomba jeupe, na hapo hapo ikaanza kumiminika tangini pamoja na maji ya boza.

Waliachana wakatazama.

"Ungesubiri robo saa," alisema Momi. "Umenunua mvua."

Walicheka huku wameloa chapachapa, wakakimbilia chini ya kipaa cha banda. Kamuela akamkumbatia kutoka nyuma, kidevu begani kwake. Kisha Momi akashtuka, akageuka.

"Sasa kwa nini ulirudisha bakuli tupu?"

"Bakuli gani?"

"La mama yangu!"

"Ah, lile. Nililiosha vizuri. Nilisugua hata chini kwenye utepe."

"Uliliosha."

"Mama yangu alinifundisha, chombo cha watu kirudishwe kisafi."

Momi alimwangalia kwa muda, akitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Akakaa chini, akicheka bila sauti, mkono tumboni.

"Alikufundisha nusu ya somo, Kamuela. Hakirudi kitupu! Hakirudi kitupu kamwe! Unaweka kitu, chochote, hata ndimu. Chombo kitupu ni kwaheri ya milele. Mama anaona umemzika."

Uso wa Kamuela ulibadilika rangi. "Vegas tunapeana chakula kwenye vyombo vya kutupa. Mungu wangu. Anti Lovey anasema nini?"

"Anasema hasemi kitu."

"Ni vibaya kiasi hicho?"

"Ni vibaya kuliko hicho."

"Basi dukani. Nanunua keki."

"Keki ya dukani ndiyo itamaliza kabisa. Unasema una shamba. Shamba lijaze bakuli."

Wakaingia kwenye magugu mvua ikiwanyeshea, wakilitafuta shamba la Tutu Hattie lina nini cha kutoa. Magimbi nguruwe mwitu walishayachimbua. Mapera yalikuwa machanga. Pasheni zilikuwa zimeanguka, nguchiro amezitoboa zote kama anakagua. Kamuela alizidi kunyong'onyea kila hatua, na Momi, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anamwogopesha na mahali pale, sasa alijikuta anapaombea kimoyomoyo: toa kitu, tafadhali, toa kitu kimoja tu.

Nyuma kabisa, kamba za mitambaazi zilikuwa zimejisokota kwenye mti mkubwa wenye majani mapana yaliyokatika-katika. Momi alizivuta akatazama juu.

"Mshelisheli," alisema. "Jamani, mshelisheli wa Tutu."

Na juu, karibu na kilele, lilining'inia shelisheli moja, la kijani, la ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Momi alirudisha boza kinyumenyume mpaka chini ya mti. Kamuela akapanda juu ya tangi la boza na upembo wa mwanzi, Momi akasimama chini amekinga koti la mvua.

"Kushoto! Kushoto kwako!"

"Huku ndiko kushoto kwangu!"

"Basi kushoto kwangu! Zungusha, usivute! We mwanaume, ukilipasua narudi nyumbani peke yangu!"

Likakatika. Momi akalidaka hewani kwa koti, akakaa nalo chini kwa kishindo, salama. Kamuela alishuka amejaa utomvu mweupe mikononi, shingoni, hata kwenye nyusi, na alipomshika Momi mashavu wakagandana wote wawili.

* * *

Bakuli lilikuwa bado kwenye ngazi. Anti Lovey alikuwa hajaliingiza ndani kwa makusudi, ili kila apitaye aone na ajue.

Walivua viatu chini. Kamuela alipanda, akaliokota bakuli, akaliweka shelisheli ndani, kifuniko kikagoma kufunga, akakibana kwapani. Kisha akabisha hodi. Anti Lovey alikuwa hatua mbili tu nyuma ya wavu, anawaona waziwazi.

"Nani?"

"Kamuela, Anti. Nimeleta bakuli."

"Bakuli lilisharudi."

"Lile la asubuhi lililetwa na jamaa mmoja wa Vegas. Hana adabu, nimemfukuza. Hili ndilo langu."

Kutoka bandani kilisikika kikohozi cha Anko Tiny, na safari hii kilikuwa kicheko. Anti Lovey hakucheka. Alifungua mlango, akalipokea bakuli, akalibonyeza shelisheli kwa kidole gumba.

"Halijaiva."

"Litaiva kesho kutwa."

"Kesho kutwa utakuwa Vegas."

"Nitakuwa Vegas, nafungasha. Momi anabaki hapa, Anti. Sikuja kumchukua mtu. Mimi ndiye ninayerudi."

Anti Lovey alimgeukia Momi. Aliona utomvu kwenye mashavu ya binti yake, kidole kwa kidole, akaelewa mengi na kuyaacha.

"Mmelitoa wapi?"

"Kwa Tutu Hattie, Mama. Mti bado uko hai."

Anti Lovey alivuta kiti, akakaa, bakuli mapajani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Utotoni mimi nilikula kwenye mti ule. Hattie alikuwa anakaanga shelisheli kwa siagi, na ile bangili yake ya dhahabu inagonga sufuria. Ukiisikia tu, unajua chakula kipo, unatupa mchezo unakimbia. Mama yako alikwenda nayo Vegas." Alipangusa tone la mvua kwenye shelisheli. "Watu wanakwenda kule, kijana, wanakwenda tu. Vegas haijawahi kunirudishia mtu hata mmoja."

"Itakurudishia mimi, Anti."

Anti Lovey aliinuka na bakuli, akaingia jikoni. Walisikia kabati likifunguliwa, kisu, karatasi. Momi alimshika Kamuela kidole kimoja na kukibana. Mama yake alipotoka, bakuli lilikuwa limejaa mkate mtamu uliokatwa vipande vinene na chupa ya jemu ya pasheni katikati, na kifuniko safari hii kilifunga.

"Hili la Verna, mama yako," alisema, akimkabidhi mikononi. "Mwambie limetoka kwa Lovey. Yeye alilelewa hapa, hahitaji kufundishwa."

Momi alimwangalia mama yake, hakuamini. Bakuli lile halijawahi kuvuka daraja la Hilo, na sasa linapanda ndege.

* * *

Mvua zikanyesha. Shelisheli likaiva, Anti Lovey akalikaanga kwa siagi, akala peke yake nusu nzima akisema ni la kuonja tu. Momi alipita shambani kila jioni baada ya kazi, akapanda kwenye ngazi ya tangi, akatazama maji yakipanda mpaka yakaanza kumwagika ukingoni. Wakati mwingine alibaki pale juu mpaka vyura waanze. Hofu ya zamani ilimjia mara moja moja, akaipigia simu Vegas, na sauti iliyopokea ikamcheka na kumwita mpenzi.

Siku Kamuela alipotua Hilo, Anti Lovey alidai lazima naye aende. Alitunga mwenyewe shada la maua la kumvika shingoni, akalibeba mkononi uwanja wa ndege, na Kamuela alipotokeza, kisanduku cha vifaa mkono mmoja na bakuli la haradali mkono mwingine, alimzuia kwa kiganja.

"Kwanza bakuli."

"Salamu kwanza, Mama!"

"Bakuli ndiyo salamu."

Kamuela alilitoa kwa mikono miwili. "Mama alinigombeza siku nzima, Anti. Kwa lile la kwanza."

"Vizuri. Verna hajapotea."

Aliweka shada kwenye kiti, akafungua kifuniko pale pale, watu wakimpita na mabegi. Kulikuwa na karanga za sukari, na peremende za kila rangi, na kitambaa cha kanisani kilichokunjwa vizuri katikati. Anti Lovey alikunjua kitambaa. Ndani ilikuwamo ile bangili ya dhahabu. Bangili ilikuwa imesuguliwa, na herufi zake nyeusi za jina la Hattie zilisomeka bila miwani.

Aliishika kidogo kwenye mwanga, akaigonga mara moja ukingoni mwa bakuli, asikie. Halafu akageuka, macho yamejaa, akaita kana kwamba binti yake yuko mbali, ingawa walikuwa wamegusana mabega.

"Momi, njoo hapa. Hii si yangu. Verna anamtumia mkwewe."